Nani Alishona, Nani Alifua, Nani Alibeba: Kuzunguka Makumbusho ya Kent

Naishi Kent, kaunti iliyo pembe ya kusini-mashariki ya Uingereza, pale ambapo mkono wa bahari unaoitenga nchi hii na Ufaransa ni mwembamba kuliko kwingine kote, kiasi cha kilomita 33 tu. Wageni wengi huipita Kent kwa treni wakiwahi London. Mimi nimekaa, na kwa miaka kadhaa sasa mapumziko yangu nayatumia kuingia makumbusho madogo ya miji na majumba ya kale ya kaunti hii. Kazi yangu ni ya zamu, kwa hiyo siku zangu za kupumzika huangukia katikati ya wiki. Hilo limenifaa sana. Jumamosi utakuta familia zimejaa na foleni ya chai. Jumatano utakuta chumba kizima na mtu mmoja tu, mzee aliyeketi kwenye kiti karibu na dirisha, ana beji kifuani na hamu ya kuzungumza.

Wazee hao ndio mlango wa kila kitu. Karibu wote ni wa kujitolea, hawalipwi. Nimekutana na mwalimu mstaafu, muuguzi, baharia, fundi wa simu. Majumba mengi makubwa yako chini ya National Trust, chama kilichoanzishwa mwaka 1895 kuhifadhi ardhi na majengo ya kihistoria, na bila watu wa kujitolea milango mingi ingebaki imefungwa. Ni wapole lakini hawakuanzi. Desturi ya huku ni kumwacha mgeni aangalie kwa utulivu. Basi anza wewe. Na kama unataka mazungumzo yanoge, usiulize jumba lilikuwa la nani, maana hilo limeandikwa ukutani. Uliza kazi. Nani aliwasha moto kwenye meko haya? Maji yalipandishwaje ghorofa ya pili? Nani alifua mashuka ya kitanda hiki? Nimeona watu wakiinuka vitini kwa furaha ya kuulizwa hivyo.

Swali hilo nililipata Chatham, kwenye gati la zamani la jeshi la majini. Chatham ilijenga meli za kivita kwa karne nyingi. Meli ya Victory ilishushwa majini hapo mwaka 1765. Siku hizi gati hilo ni makumbusho, na ndani yake kuna jengo moja la matofali lenye urefu wa zaidi ya mita 340. Ni karakana ya kusokota kamba, na hadi leo inasokota. Ukisimama mwisho mmoja huuoni vizuri mwisho wa pili. Urefu huo hauna urembo wowote, ni hesabu tu: nyuzi lazima zitandazwe zikiwa zimenyooka kabla hazijasokotwa, na zikishasokotwa hupungua urefu sana, kwa hiyo ukitaka kamba ndefu isiyo na kiungo unahitaji chumba kirefu kuliko kamba yenyewe. Meli kama Victory ilitumia zaidi ya kilomita 40 za kamba kwenye milingoti na matanga yake.

Nyuzi zao hazikuwa za mkonge wala za makumbi ya nazi. Zilitoka kwenye mmea wa jamii ya bangi, zikapakwa lami zisioze. Mama aliyekuwa akituonyesha alituita tushike mkono wa mashine ya kusokotea, tukazungusha, na kipande cha kamba kikatoka mbele ya macho yetu. Halafu akaifungua kamba nyingine kwa vidole akatuonyesha uzi mmoja wa rangi tofauti uliofichwa katikati. Ulikuwa wa kuwanasa wezi. Kila gati la mfalme lilikuwa na rangi yake, na kamba ya serikali ikikutwa kwa mtu mtaani, ilitosha kuichana kidogo na mtu huyo hakuwa na la kujitetea. Nimeona taji na panga nyingi kwenye makumbusho ya nchi hii. Sikumbuki hata moja kama ninavyoukumbuka uzi huo.

Hapo hapo Chatham, mwaka 1995, chini ya sakafu ya karakana ya mafundi wa magurudumu, zilikutwa mbao nyingi za meli zimepangwa kwa uangalifu. Baadaye watafiti walizitambua kuwa ni za meli ya kivita iliyoitwa Namur. Meli hiyo ilipigana mwaka 1759 karibu na Lagos, ule mji wa pwani ya Ureno, na miongoni mwa waliokimbia kupeleka baruti kwenye mizinga siku hiyo alikuwemo kijana Mwafrika, mtumwa wa ofisa mmoja wa melini. Jina lake Olaudah Equiano. Baadaye alijikomboa kwa fedha zake mwenyewe, na mwaka 1789 akachapisha maisha yake kwa mkono wake, kitabu kilichosomwa sana na waliopigania kukomesha biashara ya watumwa. Unasimama juu ya kioo unaziangalia zile mbao, nawe unajua alizikanyaga. Nilikwenda Chatham kwa ajili ya kamba. Sikujua kama nitakutana na mtu wa bara letu chini ya sakafu.

Mjomba wangu alipokuja kututembelea, nilijua pa kumpeleka. Ni fundi wa majahazi wa Matondoni, kisiwani Lamu. Amestaafu, lakini mikono haijastaafu. Nikampeleka Dover. Pale uwanja wa soko kuna makumbusho ya mji, na juu yake kuna ukumbi wa giza kidogo ambamo kimewekwa chombo cha mbao nyuma ya kioo. Kiligunduliwa mwaka 1992, wakati barabara mpya ya kwenda Folkestone inachimbwa. Wafanyakazi walikuwa wamefika kina cha kiasi cha mita sita, na waakiolojia waliokuwa wakifuatilia uchimbaji waliona mbao. Walipewa siku chache tu za kukitoa. Ilibidi wakikate vipande, na sehemu nyingine ikabaki chini ya mji mpaka leo. Kilichotolewa kina urefu wa kama mita tisa na nusu, na umri wake ni zaidi ya miaka 3,500: kilijengwa karibu na mwaka 1550 kabla ya Kristo, chuma kikiwa bado hakijafika nchi hii.

Mjomba hakusoma maelezo. Alikwenda moja kwa moja kwenye ukingo wa ubao, akavaa miwani, akainama mpaka paji la uso likakaribia kioo.

"Wameshona," akasema. Akanyamaza kidogo. "Mwanangu, hawa wameshona."

Ndivyo ilivyo. Mbao nene za mwaloni zimetobolewa matundu kando kando, na kupitia matundu hayo zimeunganishwa kwa vijiti vibichi vya mti uitwao yew, vilivyosokotwa mpaka vikalainika kama kamba. Katikati, mbao mbili za sakafu zimebanwa kwa kabari. Mianya imezibwa kwa vimea laini vile vinavyoota kwenye mawe yenye unyevu, pamoja na nta ya nyuki na mafuta ya wanyama. Msumari hakuna hata mmoja.

Mzee wa kujitolea aliyekuwa karibu aliniuliza mgeni wangu anasemaje. Nikamweleza kwamba huyu ni fundi wa vyombo, na kwamba pwani yetu ilikuwa na mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za makumbi kikaenda na tanga la mkeka, na kwamba mitepe ya mwisho ilipotea katika karne ya 20, wakati babu wa mjomba bado yu hai. Mzee yule akaenda kuleta kiti. Akamkalisha mjomba mbele ya kioo, naye akachuchumaa pembeni, wakaanza. Mimi nikawa mkalimani.

Mzee aliuliza: kwenu mnakalafati kwa kitu gani? Mjomba akajibu: pamba iliyolowa mafuta, inapigwa kwa patasi mpaka iingie, na chini ya maji tunapaka shahamu na chokaa. Mzee akasema hapa ni nta na mafuta ya wanyama. Mjomba akatikisa kichwa kukubali. Shahamu ni shahamu. Kisha mjomba akanyoosha kidole kwenye michirizi mifupi inayoonekana juu ya ubao, akauliza kama hilo ni tezo. Ndiyo, zilikuwa alama za zana za shaba nyeusi, bado zimebaki. Mjomba akageuza mkono wake hewani kuonyesha fundi yule alisimama upande gani, alivyopinda mgongo, na kwa nini alama zimelala vile. Yule mzee alisema amekuwa akikaa ukumbini hapo kwa muda mrefu na hilo hajapata kuelezwa na yeyote. Akatoa daftari akaandika.

Tulipotoka mjomba aliniambia jambo ambalo bado nalifikiria. Alisema kilichomshangaza si kwamba wazungu nao walishona. Watu wote wanaokaa kando ya maji hufikia akili zinazofanana. Kilichomshangaza ni kwamba mji mzima umejenga ukumbi kwa ajili ya kazi ya fundi ambaye hakuna anayemjua jina. Akakumbuka mtepe uliojengwa upya ukawekwa ndani ya Beit al Ajaib pale Unguja, na jinsi sehemu ya jumba lile ilivyoporomoka Desemba 2020. Alikaa kimya njia nzima ya kurudi.

Baada ya Dover nilianza kuyaangalia hata majumba ya kifahari kwa jicho la fundi. Chukua Knole, pale Sevenoaks. Ni jumba kubwa kiasi kwamba ukiliona kwa mbali, katikati ya mbuga ya paa, unadhani ni kijiji kizima cha mawe. Askofu mkuu Thomas Bourchier alilinunua eneo hilo mwaka 1456 akajenga. Baadaye Mfalme Henry VIII akalitwaa. Na mwanzoni mwa karne ya 17 ukoo wa Sackville ukalifanya vile linavyoonekana leo, na picha za mababu zao zimejaa korido ndefu. Nilizipita picha hizo haraka. Picha za watu wenye kola za lesi zinachosha baada ya chumba cha pili.

Kilichonikalisha Knole ni mambo mawili. La kwanza lipo chini ya mbao za sakafu ya chumba kilichotengenezwa kwa ajili ya Mfalme James I. Mwaka 2014 waakiolojia waliinua mbao wakakuta mafundi seremala wamechonga alama za kukingana na wachawi, mistari inayopishana na herufi V zilizounganishwa, karibu na meko, kwa sababu dohani ndiyo njia iliyoaminika kutumiwa na pepo wabaya. Pete za mti zilionyesha kwamba boriti zile zilikatwa mwaka 1606, muda mfupi baada ya njama ya kulipua bunge kwa baruti, mfalme akiwemo. Mtu wa kwetu aliyeona hirizi ikifukiwa kwenye msingi wa nyumba hahitaji kuelezwa zaidi. Seremala alikuwa na hofu, akaiandika kwa patasi, akaifunika kwa ubao, akaenda zake.

La pili ni orodha. Kati ya mwaka 1613 na 1624, Richard Sackville na mkewe Anne Clifford walipoishi hapo, iliandikwa orodha ya watu wote wa jumba, zaidi ya mia moja, kwa kufuata meza wanazolia. Meza ya bwana na jamaa zake, meza ya makarani, meza ndefu ya wafanyakazi wa kawaida, meza ya wafua nguo, na mwisho kabisa watu wa jikoni. Kwenye meza ya wafua nguo limeandikwa jina la Grace Robinson. Jikoni limeandikwa jina la John Morocco. Mbele ya majina yote mawili imeandikwa kwamba ni watu weusi.

Nilisikia habari hii kwa mama mmoja wa kujitolea nilipomuuliza swali langu la kawaida, nani alifua mashuka haya. Akaniangalia, akasema, "Kuna mmoja ninayeweza kukutajia." Akanieleza polepole, nadhani akihofia nitaumia. Sikuumia. Nilifurahi, kisha nikawaza kazi yenyewe: kitani cha nyumba ya watu mia, maji ya majivu yanayochubua mikono, majira ya baridi ya Kent ambayo nayajua. Miaka 400 iliyopita kulikuwa na mwanamke mweusi aliyekaa mezani na wenzake pale, akaitwa kwa jina lake na jina la ukoo kama wao. Watu wa huku wakiniuliza "sisi" tulianza kuja lini, nawaambia waende Knole.

Chartwell, karibu na Westerham, ilikuwa nyumba ya Winston Churchill tangu 1922. Ni nyumba nzuri, yenye bonde la kijani mbele yake na samaki wa rangi kwenye bwawa. Bustani ya mboga imezungushiwa ukuta wa matofali ambao sehemu yake aliujenga yeye mwenyewe, na mwaka 1928 alijiunga hata na chama cha wafanyakazi wa ujenzi. Wageni wanaupenda sana ukuta huo. Mimi nilikwenda na rafiki yangu kutoka Nyeri. Tuliukagua, tukapita chumba cha kusomea, na tulipofika kwenye zawadi alizopewa na mataifa, rafiki yangu alimuuliza mlinzi wa chumba, kwa heshima, kama kuna chochote kuhusu Kenya. Akamweleza kwamba hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952, Churchill akiwa waziri mkuu, na kwamba kuanzia 1954 bibi yake alihamishwa kwa nguvu na kuwekwa kwenye kijiji chenye handaki na uzio, akalazimishwa kulichimba handaki hilo yeye na wanawake wenzake. Mlinzi alisikiliza mpaka mwisho. Hakubisha, hakujitetea. Alisema hakuwahi kusikia habari hiyo kwa mtu ambaye ni ya nyumbani kwake, akaomba aelezwe jina la mahali.

Naamini rafiki yangu alifanya sawa kuuliza, na naamini chumba kile ndipo mahali pa kuuliza. Majumba haya yanaeleza maisha ya mtu kwa kofia, brashi za rangi na viti vyake. Habari za mikono iliyochimba handaki Nyeri hazitaingia humo zenyewe. Zinaingia na miguu ya wajukuu.

Birchington, kaskazini-mashariki mwa kaunti, ndiko nilikokaa muda mrefu kuliko kote. Kuna jumba la Quex Park, na ubavuni mwake makumbusho yaliyoanzishwa mwaka 1896 na mwenye jumba, Percy Powell-Cotton, mwindaji na msafiri aliyezunguka Afrika na Asia mpaka miaka ya mwisho ya 1930. Unaingia unakutana na wanyama. Wamekaushwa, wamesimamishwa nyuma ya vioo virefu kwenye mandhari ya kuchorwa, kundi juu ya kundi, kwa namna ambayo mtu aliyekulia Afrika Mashariki hana raha nayo hata kidogo, na wakati huo huo hawezi kuondoa macho. Mwindaji alimuoa mkewe Hannah pale Nairobi mwaka 1905, na fungate lao likawa safari ndefu ya Kongo. Katika safari hiyo simba alimrarua Powell-Cotton. Koti lake lililochanika limehifadhiwa na unaweza kuliona.

Faru mweupe wa kaskazini ana jina la kisayansi linalomalizikia na cottoni, kutokana na huyu huyu Powell-Cotton. Dume wa mwisho wa faru hao, Sudan, alifia Ol Pejeta, Laikipia, Machi 2018. Wamebaki majike wawili, Najin na Fatu, chini ya ulinzi wa saa zote. Wataalamu wanaosoma historia ya wanyama wanazithamini ngozi na mafuvu ya Quex, kwa sababu kila kimoja kimeandikiwa mahali na tarehe. Najua hilo ni kweli. Na bado nilisimama pale nikiwa na uchungu ambao elimu hiyo haikuuondoa, na sidhani nalazimika kuchagua kimoja.

Nikauliza swali langu. Nani alibeba? Maana fuvu la tembo halitembei. Safari za miaka ile zilikwenda kwa wapagazi, mzigo wa mtu mmoja ukiwa karibu kilo 30 kichwani, mwendo wa mchana kutwa, na lugha ya msafara, kuanzia Mombasa mpaka Uganda na mashariki ya Kongo, ilikuwa Kiswahili. Nyuma ya vile vioo vyote kuna watu waliochuna ngozi, wakazitia chumvi, wakazivusha mito, na walikuwa wakiitana, wakilaumiana na kutaniana kwa maneno ninayotumia mimi kuandika hapa. Mama wa kujitolea hakuwa na majibu ya majina, lakini alinipa kilicho bora zaidi. Aliniambia kwamba Powell-Cotton aliandika shajara na kupiga picha nyingi sana, na binti zake Diana na Antoinette, waliofanya utafiti Angola mwaka 1936 na 1937, nao waliacha picha na filamu zao. Vyote vimehifadhiwa palepale.

Mtu wa kawaida anaweza kuomba miadi ya kuangalia kumbukumbu hizo. Unaandika barua pepe, unaeleza unatafuta nini na kwa nini, unasubiri siku. Ukijua mwaka na mahali, taja. Ukiwa na jina la babu aliyekwenda safari na wazungu kupitia Baringo, Turkana au Karamoja mwanzoni mwa karne iliyopita, taja hilo kwanza. Mimi nimeshaandika, kwa niaba ya ukoo wa mke wangu, ambao wana mzee aliyerudi kutoka safari ya namna hiyo na blanketi, bakuli la bati na kilema cha mguu. Siku niliyopangiwa ni Alhamisi.